UZI: Polima yenye chaji inatoboa kweli utando wa lipidi, au inang'ang'ania juu tu?

Kalseini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Naomba wajuzi wa biofizikia mnisaidie kuyasoma haya matokeo kabla sijayapeleka kwa msimamizi wangu.

Nimetengeneza liposomu (vifuko vidogo vya utando wa lipidi) za POPC, lipidi isiyo na chaji halisi, na POPG, lipidi yenye chaji hasi (tuiite PG), kwa uwiano wa 7 kwa 3, nikazipitisha kwenye kichujio cha polikaboneti chenye matundu ya nanomita 100. Ndani nimefungia kalseini ya milimola 60. Kwa ambao hawajawahi kuitumia: hii rangi ikisongamana inajizima yenyewe, ikivuja nje inatawanyika na kung'aa. Iliyobaki nje nimeiondoa kwa safu ya jeli. Bafa ya nje ni HEPES ya milimola 10, pH 7.4, bila chumvi ya ziada. Baada ya hapo naongeza polilisini (mnyororo wa lisini, wenye chaji chanya) kidogo kidogo.

Ninachokiona ni hiki. Nikiweka dozi ya kwanza mng'ao unapanda ghafla, ndani ya sekunde chache, halafu unatulia. Nikiweka nyingine unapanda ngazi na kutulia tena. Katikati ya safari myeyusho unapata ukungu mweupe, nikizidi kuongeza polima ukungu unapungua. Zeta potenshali (kipimo cha chaji ya uso wa chembe) inaanza hasi kabisa, inapita sifuri, inaishia chanya. Mwisho nikitia Triton X-100, sabuni inayovunja liposomu zote, ndipo mng'ao unafika kileleni.

Kwenye daftari nimeandika "polilisini inatoboa utando". Mwenzangu wa maabara anasema nimekimbilia hitimisho. Nani yuko sahihi?

UmemeTuli

Mkuu mbona jibu unalo? POPG ina chaji hasi, lisini kwenye pH 7.4 ina chaji chanya yote maana pKa yake (pH ambayo nusu ya chaji inapotea) iko juu huko kwenye 10. Hasi na chanya zinavutana. Polima inalala juu ya utando, inazikusanya PG chini yake, utando unavutwa huku na huku, unapasuka. Kalseini inatoka. Andika ripoti ulale.

MzeeEntropia

UmemeTuli, nakubishia kidogo, na ubishi wenyewe una faida kwa mwanzisha uzi.

Polilisini haikuingia kwenye kikombe ikiwa peke yake. Kila kundi lake la amino lilikuja na ioni yake ya kloridi au bromidi, na utando nao ulikuwa umeshazungukwa na sodiamu. Pande zote mbili zilikuwa na wenza tayari. Zinapokutana, kwa upande wa nishati ya umeme unabadilisha jirani kwa jirani, faida yake si kubwa kama watu wanavyodhani. Faida iko kwa zile ioni ndogo zinazoachiwa. Ni abiria waliobanana ndani ya basi: wakishuka kituoni, kila mmoja anashika njia yake.

Manning alilieleza hili mwaka 1969. Kwenye maji ya joto la kawaida kuna kipimo kinaitwa urefu wa Bjerrum, karibu nanomita 0.7. Huo ndio umbali ambao chaji mbili zinavutana au kusukumana kwa nishati inayolingana na kT moja, yaani mtikisiko wa joto wa kawaida. Mnyororo wenye chaji zilizokaribiana kuliko hapo unalazimika kuzibana ioni za kinyume kando yake, hazitoki. DNA ina chaji moja kila nanomita 0.17, kwa hiyo asilimia 76 hivi ya chaji yake inafunikwa na ioni za chaji moja kama sodiamu. Polilisini ikinyooka ina chaji moja kila nanomita 0.35 hivi, nayo imo kwenye kundi hilohilo.

Sasa piga hesabu. Ukolezi wa ioni zilizobanwa kando ya mnyororo uko kwenye kiwango cha mola moja. Nje kwa Kalseini, kwenye bafa isiyo na chumvi, ni milimola 10 hivi. Kila ioni inayotoka kwenye mola moja kwenda milimola 10 inapata faida ya logi asilia ya 100, yaani karibu kT 4.6. Mnyororo wa lisini 100 ukiachia ioni makumi kadhaa, umepata mamia ya kT bila kuhitaji mvuto wowote wa kimiujiza.

Unataka ushahidi? Weka kwenye kalorimita. Kwa polima na chaji za kinyume mara nyingi joto linalotoka ni dogo, na wakati mwingine mfumo unanyonya joto badala ya kulitoa. Kitu kinachojifunga huku kinanyonya joto kimesukumwa na entropia, hakuna njia nyingine. Au fanya walichofanya Record na Lohman miaka ya 1970 kwa DNA na protini: chora logi ya nguvu ya mshikamano dhidi ya logi ya ukolezi wa chumvi. Mteremko wa mstari unakuambia ioni ngapi zimeachiwa.

UmemeTuli

Mzee, sawa, lakini ni nani aliyezibana hizo ioni mwanzoni? Si ni chaji hiyohiyo? Ukitoa umeme kwenye hesabu, hakuna ioni ya kubanwa wala ya kuachiwa.

MzeeEntropia

Hapo hatugombani. Ninachokataa ni ile picha ya sumaku mbili zinazogongana. Picha hiyo inakufanya uamini kwamba kadiri chaji inavyokuwa nyingi ndivyo utando unavyopasuka, na ndipo ripoti zinapoharibika. Kunata ni jambo moja, kutoboa ni jingine. Moyo wa utando ni mafuta, unene wake nanomita 3 hivi. Parsegian alipiga hesabu mwaka 1969 ya gharama ya kuingiza ioni moja ndogo humo: ni makumi ya kT, na kwa ioni ya saizi ya sodiamu inapita 60. Sasa wewe una mnyororo wenye chaji 100. Utakaa juu, kwenye vichwa vya lipidi, ndiko kuna maji na ndiko kuna chaji za kukutana nazo. Kuingia ndani ya mafuta ikiwa na chaji zote hizo? Hapana.

Kalseini

Nawashukuru wakuu. Kwa hiyo kwenye chumvi ya kawaida ya mwilini, milimola 150, haya yote yanafifia? Maana mimi nilikwepa chumvi makusudi ili nione athari kubwa.

HisabatiKavu

Nikujibu kwa namba. Umbali ambao chaji inaonekana kwenye myeyusho, yaani urefu wa Debye, unapata kwa kugawa 0.304 kwa kipeuo cha pili cha ukolezi (kwa mola) wa chumvi ya chaji moja, jibu linakuja kwa nanomita. Kwenye milimola 10 ni nanomita 3 hivi. Kwenye milimola 150 inashuka mpaka nanomita 0.8 hivi.

Tuchukue utando wako wenye asilimia 30 ya PG. Lipidi moja inachukua eneo la nanomita za mraba 0.68 hivi, kwa hiyo una chaji moja kila nanomita za mraba 2.3. Ukiiweka kwenye mlinganyo wa Grahame, unaounganisha chaji ya uso na potenshali yake, potenshali ya uso inatoka karibu milivolti 130 hasi kwenye milimola 10, na karibu 60 hasi kwenye milimola 150. Zeta utakayopima itakuwa ndogo kuliko hizo, kwa sababu kifaa kinapima mahali maji yanapoteleza na si pale kwenye vichwa, na pia sodiamu kadhaa zimenata kwa PG. Usishangae namba zisipolingana.

Kwa hiyo ndiyo, chumvi inapunguza, lakini haifuti. Nusu ya potenshali bado ipo, ila sasa polima lazima isogee karibu sana ndipo iihisi. Ndiyo maana minyororo mifupi inaachia kwanza chumvi inapopanda, mirefu inabaki imeng'ang'ania: kila kiungo kinashika kidogo, ila viungo ni vingi.

BiPipeti

Nimekaa kimya nikiwasoma wanaume wa milinganyo. Sasa mniruhusu niangalie kikombe chenyewe.

Kalseini mdogo wangu, ndani ya liposomu una kalseini milimola 60. Ili iyeyuke kwenye pH 7.4 umeimwagia hidroksidi ya sodiamu, si ndiyo? Kila molekuli ya kalseini kwenye pH hiyo ina chaji hasi tatu mpaka nne, kwa hiyo imeingia na sodiamu zake tatu mpaka nne. Jumlisha chembe zote: ndani una zaidi ya miliosmoli 200. Nje una HEPES ya milimola 10, haifiki miliosmoli 20. Maji yanataka kuingia ndani kwa nguvu zote.

HisabatiKavu, mpigie mwenzio hesabu ya Laplace hapo, ile ya shinikizo na mvutano wa utando.

HisabatiKavu

Duh. Tofauti ya milimola 200 ya chembe ni shinikizo la baa 5 hivi. Zidisha kwa nusu kipenyo, nanomita 50, gawa kwa mbili: mvutano wa utando unatoka karibu milinyutoni 12 kwa mita. Tando za aina hii hupasuka kwenye milinyutoni chache mpaka 10 hivi kwa mita.

BiPipeti

Umeona. Maana yake liposomu zako zilishavuja kiasi zikiwa bado kwenye safu ya jeli, zikapunguza shinikizo mpaka zikabaki pale pembeni ya kupasuka. Zimetuna, zimekaza, zinasubiri sababu. Polilisini ikizigusa tu, au zikigongana zenyewe kwa zenyewe, zinapasuka. Ungeweka kitu kingine chochote kinachonata ungeona mchoro huohuo. Kipimo chako hakijajibu kama polilisini inatoboa utando uliotulia.

Dawa yake: tengeneza bafa ya nje yenye sukrosi au glukosi mpaka osmolaliti (wingi wa chembe zilizoyeyuka) ilingane na ya ndani. Usikadirie kwa kichwa, pima kwa osmometa pande zote mbili. Na bafa hiyohiyo ndiyo upitishie safu ya jeli, usisubiri mpaka mwisho ndipo urekebishe. Sukari haina chaji, kwa hiyo urefu wa Debye unabaki palepale na mchezo wako wa umeme haujaguswa.

La pili. Kalseini ina chaji hasi, polima yako chanya. Ikitoka nje inakutana na polilisini. Chukua kalseini tupu, bila liposomu, kwa ukolezi ule utakaokuwa nje ikivuja yote, uongeze polilisini kwa dozi zilezile, uone mng'ao unabadilika kiasi gani. Hapo ndipo utajua hiyo asilimia ya uvujaji uliyochora ni ya kweli au imekatwa njiani.

La tatu, ukungu. Myeyusho ukiwa na ukungu mwanga unatawanyika, spektrofluorometa yako inapata takwimu za ovyo. Namba zilizopatikana wakati wa ukungu mimi sizikubali hata kidogo, hata ziwe nzuri namna gani.

MzeeEntropia

Bi Pipeti ameshusha nondo. Niongeze kuhusu umbo la mchoro wenyewe, maana ngazi zile zina habari.

Tundu la kudumu lingeendelea kumwaga. Kalseini ni ndogo, liposomu ya nanomita 100 nayo ni ndogo, tundu moja lililo wazi lingeimaliza haraka sana. Kwa hiyo ukiona mng'ao umepanda na kutulia chini ya kilele cha Triton, maana yake baadhi ya liposomu zimemwaga na nyingine hazijaguswa, au zote zimemwaga kidogo kisha zikajifunga. Vyovyote vile, tukio lilitokea wakati polima inanata, likaisha. Polima yote ya dozi ile imeshapata pa kukaa, hakuna iliyobaki kuendeleza kazi. Ukiweka dozi nyingine, tukio linajirudia kwa liposomu nyingine.

Halafu changanya haraka! Ukidondosha tone zito la polima kwenye liposomu zilizotulia, zile za karibu na ncha ya pipeti zinapata polima ya kupindukia na za mbali hazipati kitu. Na kwa kuwa kunata huku ni kugumu kubanduka kwenye chumvi kidogo, haitasambazwa upya baadaye. Mpangilio wa mwisho unategemea mkono wako. Nusu ya ugomvi kwenye fani hii unatokana na hapo.

Kalseini

Aisee. Na ule ukungu unaokuja na kuondoka? Nilidhani unapoondoka ni liposomu zimevunjika zikawa vipande.

MzeeEntropia

Hilo limeshachunguzwa vizuri. Kundi la Roma, akina Bordi, Cametti na Sennato, lilifanya kazi nyingi upande wa pili, yaani liposomu chanya za DOTAP na polima hasi za poliakrilati. Ukiongeza polima, chembe zinakua, zinafikia ukubwa wa juu karibu na pale chaji zinaposawazika, ukizidi zinapungua ukubwa, na zeta imegeuka ishara. Liposomu zenyewe zinaweza kuwa nzima muda wote huo.

Sababu ni kwamba polima hailali sawasawa kama rangi ya ukuta. Minyororo inasukumana, inajipanga kwa viraka. Kwa hiyo uso wa liposomu una sehemu chanya, penye polima, na sehemu hasi, pasipo polima. Kiraka chanya cha liposomu hii kinakutana na sehemu hasi ya liposomu ile, zinashikana. Sehemu zote zikishajaa polima, zote ni chanya, zinasukumana, ukungu unatoweka.

Kwa nini polima inazidi mpaka kugeuza ishara? Kwa sababu zilezile za ioni kuachiwa, na kwa sababu minyororo iliyonata inakwepana, inaacha nafasi kati yake ambayo mnyororo unaofuata unaipenda.

MpitaNjia

Samahani wakubwa, mimi si wa fani. Hizo PG za upande wa ndani ya liposomu zinahusika vipi? Polima si iko nje?

BiPipeti

Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wenye shahada.

Liposomu ya kipenyo cha nanomita 100 yenye utando wa nanomita 4 ina asilimia 54 hivi ya lipidi zake kwenye tabaka la nje, zilizobaki ziko ndani. Polima inaziona za nje tu, isipokuwa za ndani zivuke kuja nje. Kwa kawaida fosfolipidi kuvuka tabaka ni kazi ya masaa mpaka siku, maana kichwa chenye chaji lazima kipite kwenye mafuta. Lakini mwaka 1994 Yaroslavov, Kabanov na wenzao wa Moscow walionyesha kwamba polima chanya iliyonata nje inaweza kuzivuta lipidi hasi za ndani zihamie nje, na liposomu bado nzima.

Na njia ya kulitambua ni rahisi, hata Kalseini anaweza kuifanya kesho. Tafuta dozi ambayo zeta inapita sifuri. Hesabu chaji chanya ulizoweka. Zikilingana na nusu na kidogo ya PG yote, ni za nje tu zilizohusika. Zikilingana na PG yote, za ndani zimevuka, au liposomu zimefunguka. Hapo sasa kalseini ndiyo inatenganisha hizo mbili: zimevuka bila kuvuja, au zimefunguka.

Angalizo tu: polilisini inauzwa ikiwa na kloridi au bromidi ndani ya uzito wake, na pia inafyonza maji ya hewani. Ukikokotoa chaji kwa gramu ulizopima bila kuondoa hivyo, sifuri yako itasogea na utajenga nadharia juu ya hewa. Na inanata kwenye kioo! Kioo ni hasi. Myeyusho uliokolea kidogo uliokaa usiku kucha kwenye chupa ya kioo hauna tena ukolezi ulioandika kwenye lebo.

UmemeTuli

Basi tuseme inanata, inakusanya lipidi, inazivusha, lakini haitoboi. Mbona kuna picha za matundu? Dendrima za PAMAM (polima zenye matawi mengi), hadubini ya nguvu za atomu, matundu yanaonekana wazi kwenye utando wa DMPC. Hizo nazo ni za osmosi? Utando ulikuwa umelala juu ya maika, hakuna cha shinikizo hapo.

MzeeEntropia

Hizo ni za kweli, na hazipingani na nilichosema. Zile ni kazi za chuo kikuu cha Michigan. Dendrima kubwa ya kizazi cha 7 yenye amino kwenye uso wake ilifungua matundu mapya. Ya kizazi cha 5 yenye amino ilipanua tu kingo za nyufa zilizokuwepo. Na ile ya kizazi cha 5 ambayo amino zake zimefunikwa kwa asetili haikufanya hata hilo. DMPC haina chaji halisi, kichwa chake kina chanya na hasi zinazofutana. Kwa hiyo saizi, ugumu wa umbo na wingi wa chaji mahali pamoja ndivyo vilivyoamua, pamoja na hali ya utando wenyewe. Dendrima ni tufe. Polilisini ni uzi laini, inajilaza.

Na utando uliolala juu ya maika au silika si utando huru. Chini yake kuna maji ya nanomita moja hivi na uso mgumu wenye chaji hasi. Polima chanya ikipata ufa inaweza kuingia chini ukatokea mvuto mwingine kabisa. Ndiyo maana sipendi mtu anayetegemea njia moja.

HisabatiKavu

Na uigaji wa kompyuta msiusahau, ila nao una mitego yake. Nimeona watu wanaweka minyororo minne juu ya lipidi mia tano, wanaendesha mikrosekunde kadhaa, wanahitimisha "hakuna lipidi iliyovuka". Kitu kinachochukua masaa hutakiona ndani ya mikrosekunde, hiyo si habari. Kingine, wanaotumia Martini ya kawaida (modeli iliyorahisishwa ya uigaji) wajue maji yake hayana chaji kabisa, chaji zote zinapunguzwa kwa kigezo kimoja cha 15. Ukiwa na maji hiyo namba ni ndogo mno, ukiwa ndani ya mafuta ni kubwa mno. Kwa swali la chaji kuingia ndani ya mafuta, ndilo swali letu hapa, huo ni udhaifu uliokaa mahali pabaya. Mwaka 2010 kulitolewa maji ya Martini yenye chaji zinazogeuka kwa ajili ya shida hiyo.

Ambapo uigaji unanifurahisha ni kwenye tofauti ya arijinini na lisini. Chaji ni ileile, moja chanya. Lakini kundi la guanidini la arijinini ni bapa na linashika fosfeti kwa mikono miwili ya haidrojeni kwa pamoja, na pKa yake inakaribia 14, haiachii protoni kirahisi hata ikizama kwenye vichwa vya lipidi. Lisini ikibanwa sana inaweza kuachia protoni yake ikapoteza chaji. Ndiyo maana peptidi zinazoingia seli, kuanzia ile ya TAT ya virusi vya UKIMWI iliyogunduliwa mwaka 1988, zimejaa arijinini.

MpitaNjia

Na dawa za kuua bakteria je? Nasikia kuna peptidi za ngozi ya chura.

BiPipeti

Magainini, Zasloff, mwaka 1987, kutoka ngozi ya chura Xenopus laevis. Hizo ndizo zinazotoboa kweli, na sababu ni kwamba hazina chaji peke yake. Ikijikunja kuwa hesi (umbo la ond kama skrubu), upande mmoja ni chanya na upande wa pili unapenda mafuta. Chaji inaileta kwenye utando wa bakteria, wenye PG na kadiolipini (lipidi nyingine hasi) nyingi upande wa nje. Ule upande wa mafuta ndio unaoizamisha kati ya vichwa mpaka utando unakunjika na kufunguka. Seli za binadamu kwa nje zimejaa lipidi zisizo na chaji halisi, zile hasi za PS (fosfatidilserini) zimefichwa ndani, kwa hiyo magainini inazipita.

Wanaotengeneza polima za kuiga peptidi hizi wanahangaika na mizani hiyohiyo. Ukizidisha sehemu ya mafuta inaua na chembe nyekundu za damu. Ukiipunguza sana, inanata kwa bakteria bila kufanya la maana.

Kalseini, ndipo unapata kipimo kingine cha bure. Liposomu zikishavikwa polima, ongeza chumvi nyingi, au ongeza polima hasi kama heparini. Kama polilisini imenata kwa umeme tu, itabanduka na zeta itarudi hasi. Ikigoma kubanduka, kuna kitu kimezama kwenye mafuta, na utatakiwa ueleze ni nini. Kundi la Moscow lilifanya hivyo pia: polima ya kawaida ilibanduka, ile iliyoongezwa mikia mirefu ya mafuta ilibaki.

Kalseini

Nimerudi wakuu, nimefanya yale ya Bi Pipeti. Nimesawazisha osmolaliti kwa sukrosi ndani ya safu na nje, nimechanganya haraka, polima nimeikausha na kupima upya.

Uvujaji umeshuka sana, zile ngazi sasa ni vibonde vidogo. Ukungu uko palepale, unakuja na kuondoka vilevile, na zeta inageuka vilevile. Sifuri ya zeta imeangukia karibu na nusu ya PG yote, si yote. Nikiongeza heparini, zeta inarudi hasi na mng'ao haubadiliki.

MzeeEntropia

Basi kwenye bafa hii na kwa urefu huu wa mnyororo, polilisini inanata, inaunganisha liposomu kwa viraka, PG za ndani zimetulia kwao, na inabanduka. Futa neno "inatoboa", andika hayo. Rudia kwenye milimola 150 za chumvi, ukipunguza sukrosi mpaka osmolaliti isibadilike (kila chumvi inatoa chembe mbili, sukrosi moja).

UmemeTuli

Na jaribu POPG ya asilimia 10 na ya 60. Mimi bado naamini kwenye 60 utaona kitu.

BiPipeti

Hilo nakuunga mkono, chaji ikizidi lipidi zinaweza kubadilisha tabia. Ila ukihamia kwenye zile liposomu kubwa za hadubini, usipake kioo albumini (protini ya damu) kama wengi wanavyofanya. Albumini ni hasi kwenye pH 7.4, itakula polima yako yote kabla haijafika kwenye liposomu. Paka utando wa POPC tupu juu ya kioo, suuza, ndipo uweke sampuli.